Moyo Wenu

Mgeni alifika wakati shetani ameshaota pembe na anaanza kutema moto, kwa hiyo hakuna aliyemsikia akibisha. Asma alikuwa amesimama katikati ya ua wa baba yake, kitenge amekivuta hadi kwenye nyusi, vidole amevikunja kama makucha. Mbele yake, kwenye mkeka, watoto wa kambi ya reli walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mbavu.

"Odi," sauti ilirudia mlangoni.

Asma aligeuka, makucha yake yakiwa bado hewani. Aliona mama mwembamba, mvi zinachungulia chini ya kilemba, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa na furushi kichwani na kidumu kitupu mkononi.

"Minyi naomba paka maji, maji tu, binti yangu," alisema. "Basoda balikata kichwa cha treni yetu."

Watoto wakacheka tena, lakini Asma alielewa. Asubuhi ile treni ya mizigo kutoka Mwene-Ditu ilikuwa imeingia Kamina na watu hadi juu ya mabehewa, watu waliokimbia mapigano ya Kabinda, na jeshi likachukua kichwa chake kwa kazi ya vita. Mabehewa yalibaki stesheni kama kuku aliyechinjwa. Abiria wakatawanyika mjini kutafuta maji na kivuli.

"Karibu, mama, karibu sana. Ève, mletee nkambo maji. Na kigoda."

Ève alikuwa binti wa Ambroise, mkubwa wa mizigo pale stesheni, na mdomo wake haukujua kupumzika. Alimkalisha bibi mgeni, akamnong'oneza kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Nkambo, ukae nyuma kidogo. Huyu shetani wa Yaya Asma anatema mate kuliko moto."

Hata Asma, waliyemwita Yaya kama dada mkubwa, alicheka. Lakini ndani hakuwa na kicheko, kwa sababu shetani yule hakuwa mchezo kwake.

Mwaka ule wa tisini na tisa shule ilikuwa imefungwa, askari wanalala madarasani. Asma alikuwa amekulia Kongolo kwa bibi yake, akasomea ualimu huko, kisha akarudi Kamina kwa baba yake Ramazani, mfanyabiashara wa samaki wakavu, akiwa na diploma na matumaini ambayo hakuna aliyeyahitaji. Basi akatandika mkeka uani na kuwaita watoto. Wazazi walimlipa kwa bakuli la unga au kwa makaa. Aliwafundisha kusoma, na alasiri, kabla ya saa ya kujifungia ndani, aliwapa hadithi.

Hadithi za shetani zilianza na mkono wa Kisimba.

Mwisho wa safu ya nyumba za reli, karibu na tangi la maji, palikuwa na nyumba moja isiyo na watu. Askari walioikimbia Kamina mwaka wa tisini na saba walikuwa wameigeuza ghala, na walipoondoka waliacha makasha ndani, mengine yamepasuka. Watoto waliingia kutafuta maganda ya risasi, maana ganda la risasi ni gurudumu zuri kwa gari la kuchezea. Kisimba aliokota kitu kama nanasi dogo la chuma. Sasa mkono wake wa kulia ulibaki na kidole gumba peke yake, na alishika kalamu kwa kushoto. Wakubwa waliwaarifu askari waliokuwepo sasa. Askari walisema watakuja kusafisha, lakini walikuwa na vita ya kupigana. Wazazi walipiga fimbo. Baada ya wiki watoto wakarudi kule kule.

Ndipo Asma akafikiri kwamba pale fimbo iliposhindwa, labda hofu itaweza. Na uvumi ulikuwepo tayari. Familia ya mwisho kukaa nyumba ile, kabla ya makasha, ilihama ikisema kwamba jua likizama, sauti inasikika barazani. Inasema maneno mawili tu: *Moyo wenu*. Asma aliyaelewa kama mtu yeyote wa Kiswahili angeyaelewa. Muzimu unadai mioyo ya watu. Akaupa pembe, akaupa makucha na moto, na alasiri baada ya alasiri akawaeleza watoto jinsi unavyopasua vifua.

"Yaya Asma," alisema Éliézer, mdogo wake Ève, akijifuta machozi ya kicheko. "Jana tulienda kumuangalia huyo muzimu wako. Hakuna pembe, hakuna moto. Tuliita: Njoo utwae moyo! Akaogopa kutoka."

"Mlienda?" Asma aliuliza. Makucha yakamfunguka yenyewe. "Mliingia ndani?"

"Mpaka kwa makasha," Éliézer alisema kwa fahari.

Hadithi yake, aliyoitunga ili iwe ukuta, ilikuwa imegeuka njia.

Mgeni alikuwa amemaliza maji. Alishusha kikombe taratibu. "Ile nyumba munasema njo gani?"

"Ya mwisho, nkambo," Ève alijibu. "Yenye veranda ya saruji, karibu na tangi."

"Na huyo muzimu anasema nini?"

Ève akasimama, akatoa macho, akanguruma kutoka kooni: "Moooyo weeenu!"

Mkeka mzima ukaanguka kwa kicheko. Mgeni hakucheka. Alingoja wanyamaze, akaweka mikono juu ya magoti, akainua uso kidogo kama mtu aliyesikia jirani anapita njiani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, laini, yenye tabasamu ndani yake:

"Moyo wenu."

Hakuna aliyecheka. Kisimba akavuta miguu yake juu ya mkeka.

Watoto walipokwenda makwao, Asma na mgeni waliketi kumenya mihogo. Jua lilikuwa bado linaangaza paa la stesheni. Ndege ya kijeshi ilipita ikielekea kambi ya jeshi, na wote wawili wakangoja ipite kabla ya kusema.

"Muzimu wako anafanya kazi nyingi sana, binti yangu," mgeni alianza. "Pembe, moto, makucha. Anachoka bure. Mutoto akishaona pembe, anataka kuona na mukia."

"Sasa nifanye nini, mama? Nataka waogope. Si mchezo. Umeona mkono wa yule mdogo."

"Nimeuona." Mama alitupa kipande cha muhogo kwenye maji. "Mutu anaogopa kitu anakijua, kimekaa pahali pake, na kinakosa kitu kimoja tu. Kama kikombe chako mwenyewe, unakuta kiko na maji ya moto, na nyumbani hakuna mutu."

Asma aliinua macho. Mama aliendelea kumenya.

"Ile nyumba ilikuwa yetu. Minyi ni Mbombo. Bwana yangu alikuwa fundi wa vichwa vya treni. Na maneno yale, kwetu Kasai, si mutu anaomba moyo. Ni jambo. Ni salamu, mwanangu. Kusema, uzima kwenu."

"Salamu tu?"

"Salamu tu."

Asma aliona haya mpaka masikioni. Wiki nzima alikuwa amepasua vifua vya watu kwa salamu.

"Sauti ile ni ya mama yangu, Tshala," Mbombo alisema. "Alikuwa kipofu. Jioni tunamutosha nje, anakaa kwa veranda, fimbo yake mbele yake. Akisikia miguu njiani, anasema, Moyo wenu. Na bote balikuwa banaitikia. Baluba ba hapa, Baswahili, mapadri juu ya kinga, baiskeli zao. *Eyo, mama!* Ile njo ilikuwa radio yake. Kisha ikaja ile miaka ya kufukuza Bakasai, siye bantu ba Kasai. Bantu bakaanza kunyamaza. Minyi niko na macho, naona jirani anapita, anaangalia chini. Lakini mama haone. Anasikia paka miguu tu. Miguu inakuja, anasalimu, miguu inapita. Kila jioni vile. Siku moja akanishika mukono, akauliza polepole, kama hataki basikie: Mbombo, hawa banapita hapa, ni bafu, bantu bamekufa? Sababu mutu muzima anaitikia."

Asma alikuwa ameacha kisu.

"Ulimjibu nini, mama?"

"Nilisema ndiyo, ni bafu. Ilikuwa afadhali kuliko kumuambia majina yao."

"Akaacha kusalimu?"

"Aache?" Mbombo alicheka kidogo, kicheko kifupi cha mtu anayemkumbuka mkaidi wake. "Alisema hata bafu bako na haki ya salamu. Akaendelea mpaka siku balitutosha kwa nyumba, balitufukuza. Alikufia pale stesheni, tukingoja treni."

Ramazani aliingia wakati huo kutoka dukani, funguo zikilia mkononi. Alimwona mgeni, akasimama.

"Mama Mbombo," alisema.

"Ramazani. Ungali unauza samaki?"

"Ningali."

Alitafuta pa kuweka macho yake, asipaone, akaenda nyuma ya nyumba kutawadha. Waliyasikia maji yakimwagika, yakimwagika, kupita udhu wa mtu yeyote.

"Mama," Asma alisema, "niruhusu niwasimulie watoto. Kama ulivyosimulia."

"Simulia. Alipenda batoto. Lakini uniahidi kitu kidogo. Kila ukipita pale jioni, umuitikie. Kwa sauti, mutu na mutu. Usimuache afikiri weye nawe ni mufu."

"Naahidi."

"Hata bantu bakisikia?"

"Hata wakisikia," Asma alisema. Alikuwa kijana, na ahadi ile ilionekana nyepesi kama unyoya.

Mbombo alilala kwao, na asubuhi kichwa kingine kikapatikana. Asma alimsindikiza stesheni akiwa amembebea kidumu, kimejaa sasa. Treni ilipoanza kujivuta kuelekea Luena, Mbombo hakupunga mkono. Alikuwa anaitazama sehemu moja ya ardhi kando ya reli, pasipo na alama yoyote.

Alasiri ya siku ya pili yake mvua ilinyesha, na watoto wakasongamana chini ya baraza. Asma hakuvaa kitenge kichwani. Alikaa chini pamoja nao na kuanza kwa sauti ile ile anayotumia kusema bei ya chumvi.

"Mnazijua ngazi za ile veranda? Ya pili ina kishimo kidogo, upande wa kulia."

"Nakijua!" Éliézer alisema. "Nilijikwaa pale."

"Kilichimbwa na fimbo."

"Fimbo ya nani?"

Asma akawaambia. Hakuharakisha. Aliwapa kiti, na fimbo, na jina la Tshala. Aliwapa jioni za zamani, watu wakirudi kazini na kuitikia, *Eyo, mama*, mpaka Ève akajaribu neno lile mdomoni na kulipenda. Kisha akaanza kuondoa sauti moja moja. Muuza mkate alipita, hakuitika. Mwalimu alipita, hakuitika. Miguu ilikuwepo, salamu ilikuwepo, na katikati hapakuwa na kitu. Alipofika kwenye swali la kipofu yule, alilisema polepole kama alivyolisikia, kisha akanyamaza. Alikuwa na maneno mengine ameyaandaa. Akayaacha.

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye mabati. Ève ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Yaya Asma. Na siye, tukipita pale, tunaitikia?"

"Mnaitikia?"

"Hapana."

"Basi?"

Ève aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kama anayewahesabu. "Basi kwake yeye, siye njo bafu?"

Kisimba alikuwa anaminya mkono wake mbovu kwa mkono mzima, anaminya, kana kwamba anataka kuhakikisha una joto. Éliézer alisogea karibu na dada yake. Asma mwenyewe, aliyeijua hadithi mwanzo hadi mwisho, alisikia nywele za mikono zikimsimama, na akaelewa kwamba hofu hii haikutoka kwake. Ilikuwa imekaa pale barazani miaka yote, mahali pake, inangoja tu isimuliwe bila kelele.

"Minyi siingii tena," Éliézer alisema hatimaye. "Salamu ametoa. Lakini karibu hajasema."

"Kweli," Ève alisema. "Nani anaingia kwa mutu bila karibu?"

Na ikawa hivyo. Jioni ile, na zile zilizofuata, watoto walipita nyumba ya mwisho wakiwa wameshikana mikono, wakasimama barabarani, wakaitika kwa pamoja, "Eyo, mama!" kisha wakakimbia. Hakuna aliyekanyaga ngazi.

Asma alikuwa na furaha ya siku chache.

Ambroise alikuja dukani Jumamosi, Asma akiwa anamsaidia baba yake, kofia yake ya kazi mkononi. Aliwasalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, akanunua chumvi ambayo hakuihitaji. Yeye ndiye aliyepanga mizigo kwenye mabehewa, na samaki wote wa Ramazani, kutoka Mulongo kupitia Bukama, walifika Kamina kwa ruhusa yake. Nyumba aliyokaa, ya pili kutoka mwisho, nayo ilikuwa na watu wengine kabla yake, ingawa Asma hakuwahi kusikia jina lao likitajwa.

"Papa Ramazani," alisema, "binti yako anafundisha batoto bangu nini? Nimekaa kwa veranda yangu, naona bitoto bimesimama kwa mustari, magaribi, binaitikia mufu. Bibi yangu, mama ya batoto, aliangusha sahani."

"Ni salamu, papa Ambroise," Asma alisema.

"Najua ni salamu!" Sauti ilimpanda, akaishusha. Aliangalia mlangoni. "Minyi niliishi na bale bantu. Najua ni salamu." Kisha, karibu kwa kusihi: "Juu ya nini haukubakia na pembe, mama? Pembe zilikuwa nzuri. Tulikuwa tunacheka na minyi."

"Pembe ziliwapeleka watoto kwenye makasha. Hii imewatoa."

"Basi, bametoka. Sasa uache." Alivaa kofia. "Bangu habatakuja tena kwa mkeka. Na benzao habatakuja. Na weye usisimame tena pale kuitikia. Behewa ni dogo, papa Ramazani. Kuna bafanyabiashara bengi."

Jumatatu mkeka ulikuwa na Kisimba peke yake, kwa sababu mama yake alisema mwenye kidole kimoja hana cha kupoteza tena. Ramazani aliletewa habari kwamba magunia yake yamebaki Bukama, mabehewa yamejaa. Hakumgombeza binti yake. Jioni alimkuta akichukua kidumu kwenda kwenye tangi, akamzuia mlangoni kwa upole.

"Mwanangu, njia ya nyuma pia inafika kwenye maji."

"Najua, baba."

"Au pita pale. Umuitikie moyoni. Mungu anasikia ya moyoni."

"Mungu anasikia," Asma alisema. "Lakini mama Tshala ni kipofu, baba. Yeye anasikia sauti tu. Na niliahidi kwa sauti."

Ramazani alimtazama. Midomo yake ilijaribu jambo, kama mtu anayekumbuka neno la lugha aliyoiacha siku nyingi. Kisha akasogea mlangoni, akampisha.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mabehewa. Watu wa kambi walikuwa barazani mwao, wengine wanapepeta, wengine wanasuka nywele, na Asma alipoingia ile barabara na kidumu chake, mazungumzo yakafungwa nyumba kwa nyumba. Ambroise alikuwa kwenye kiti chake. Nyuma yake, dirishani, pazia lilikuwa na umbo la vichwa viwili. Asma alifikiri juu ya magunia ya Bukama, samaki wanaanza kuliwa na wadudu. Alifikiri juu ya mkeka mtupu.

Mbele ya nyumba ya mwisho, kile kijia cha watoto, kutoka barabarani hadi kwenye ngazi, kilikuwa kinafungwa na majani. Mvua na siku chache bila miguu vilitosha. Ngazi ya pili ilikuwa na maji kidogo ndani ya kishimo chake.

Asma alitua kidumu chini. Hakusikia kitu, isipokuwa upepo na watu waliokuwa wamenyamaza.

"Eyo, mama Tshala," alisema, kwa sauti, mtu na mtu. "Moyo wenu."

Akainua kidumu chake, akaenda kuchota maji.